Kusoma uchumi wa kisiasa chuo kikuu: maswali yanayoulizwa mara kwa mara na wanafunzi wa Moshi na Arusha

Kila mwaka matokeo ya kidato cha sita yakitoka, maswali ni yale yale. Anauliza mtoto wa Kibosho, anauliza wa Ngaramtoni, wiki inayofuata anapiga mzazi wa Himo. Nafundisha hapa Moshi, na nalipenda somo hili tangu nilipokutana nalo nikiwa mwanafunzi. Nimekusanya maswali yanayojirudia na kuyajibu kwa urefu kidogo kuliko ninavyoweza kwenye simu. Anza popote. Palipo na jibu mahali pengine nimekuelekeza huko.

## Somo lenyewe

Uchumi wa kisiasa ni nini hasa?

Chukua stakabadhi ya mkulima wa kahawa wa Uru. Ameleta kahawa yake kwenye chama cha msingi ikiwa imeshamenywa, kuoshwa na kuanikwa. Karani amepima, ameandika kilo, ameandika bei ya malipo ya kwanza, na amempa karatasi. Baada ya miezi kadhaa yanakuja malipo ya pili, na katikati kuna makato: ya chama cha msingi, ya chama kikuu, ya kukoboa, ya usafiri, ya halmashauri.

Ukimpa mtu wa uchumi karatasi ile, ataanza kwa kuuliza bei imepangwaje na soko. Mtu wa sayansi ya siasa atauliza nani kamchagua mwenyekiti wa chama. Sisi tunauliza yote mawili kwa pamoja, na tunaongeza: nani aliamua kwamba makato yawe haya na si mengine? Alikuwa na nguvu gani ya kuamua? Nani anafaidika, nani anabeba hasara mvua isiponyesha? Kwa nini bei ya kahawa ya Uru inafuata bei ya arabika inayopigwa New York, mahali ambapo hata mche mmoja wa kahawa hauoti?

Hilo ndilo somo. Linachunguza jinsi mamlaka na mali vinavyoshikana: sheria, umiliki, kodi, vyama, dola na masoko, na historia iliyovileta hapa vilipo.

Kwa nini liitwe "kisiasa"? Ni ile Siasa waliyosoma wazazi wetu shuleni?

Hapana. Siasa iliyofundishwa shuleni enzi za chama kimoja ilikuwa elimu ya itikadi ya nchi, na baada ya vyama vingi kurudi mwaka 1992 nafasi yake ikachukuliwa na Uraia. Uchumi wa kisiasa ni taaluma ya zamani zaidi ya hapo. Adam Smith aliyetoa kitabu chake kikuu mwaka 1776, David Ricardo mwaka 1817, na wengine wa kizazi chao walijiona wanaandika uchumi wa kisiasa. Jina fupi, "uchumi" peke yake, lilizidi kushika baada ya Alfred Marshall wa Cambridge kutoa kitabu chake mwaka 1890. Kwa hiyo jina refu ndilo la kwanza, na fupi lilikuja baadaye.

Hakuna kadi ya chama inayodaiwa mlangoni. Darasani wapo makada wa vyama vyote na wasiokuwa na chama, na mtihani unasahihishwa kwa hoja na ushahidi.

Ni somo la Kimarksi?

Marx yumo, na huwezi kumruka. Kitabu chake cha kwanza cha *Mtaji*, cha mwaka 1867, kimeandikwa kama ukosoaji wa uchumi wa kisiasa wa waliomtangulia. Lakini wamo pia wanaoamini soko kuliko yeye, na wamo wasioingia kambi yoyote. Mwaka 2009 Elinor Ostrom alipata tuzo ya Nobel ya uchumi, mwanamke wa kwanza kuipata, na yeye alisomea sayansi ya siasa. Alionyesha kwamba watu wa kawaida wanaweza kutunza maji, misitu na malisho ya pamoja kwa kanuni zao wenyewe, bila kungoja serikali wala kuuza kila kitu kwa mtu binafsi. Mwaka 2024 tuzo hiyo ilikwenda kwa Daron Acemoglu, Simon Johnson na James Robinson kwa kazi zao kuhusu taasisi na ustawi wa mataifa. Hayo ni maswali yetu kabisa.

Nikuombe jambo moja: usiingie darasani ukiwa umeshaamua nani ni mbaya. Msome Smith kwa heshima ile ile unayomsomea Marx. Wote wawili wana kurasa zitakazokushangaza.

Lina tofauti gani na uchumi wa kawaida, sayansi ya siasa na taaluma za maendeleo?

Uchumi wa kawaida unatumia hisabati zaidi na mara nyingi unachukulia kanuni za mchezo kama zilivyo. Sayansi ya siasa inatazama dola, vyama, uchaguzi na utawala. Taaluma za maendeleo, ile DS ambayo wanafunzi wengi wa vyuo vyetu huisoma hata wakiwa uhandisi, ni binamu wa karibu sana, na sehemu kubwa ya maudhui yake imetokana na mijadala ya uchumi wa kisiasa ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam miaka ya 1960 na 1970, alipokuwapo mwanahistoria Walter Rodney.

Mara nyingi utalikuta somo hili ndani ya digrii yenye jina jingine. Soma orodha ya kozi kabla ya kusoma jina la digrii.

## Kujiunga

Kombi gani inafaa?

HGE na EGM ndizo zinazoingia kwa urahisi zaidi (H ni historia, G jiografia, E uchumi, M hisabati, K Kiswahili, L Kiingereza). HGL, HGK na HKL zinaingia pia pale chuo kisipodai uchumi au hisabati. Kiwango cha chini cha Tume ya Vyuo Vikuu ni principal mbili, yaani ufaulu wa A hadi E katika masomo mawili ya kombi, zenye jumla ya alama 4.0, kwa hesabu ya A ni 5, B ni 4, C ni 3, D ni 2 na E ni 1. Hicho ni kizingiti cha mlango tu. Kila programu ina masharti yake juu ya hapo, kwa hiyo fungua kitabu cha mwongozo cha Tume cha mwaka wako, si cha kaka yako. Tangu 2017 maombi yanapelekwa moja kwa moja chuoni.

Nilipata F ya hisabati kidato cha nne. Nimekwisha?

Hujakwisha, ila njia imepungua. Digrii zenye neno uchumi kwenye jina mara nyingi zinadai ufaulu wa hisabati, ama wa kidato cha nne ama wa BAM, ile hisabati ya ziada ya kidato cha sita. Zilizoegemea siasa, historia au maendeleo kwa kawaida hazidai.

Lakini nisikudanganye kwa huruma. Hata ukiingia kwa mlango usio na hisabati, utakutana na asilimia, viwango vya ukuaji, grafu za mahitaji na ugavi, na takwimu za mwaka wa pili. Nimeona vijana wenye akili kali ya hoja wakipata sapu, yaani mitihani ya marudio, mbili mfululizo kwa sababu waliogopa jedwali. Miezi ya kungoja chuo itumie kurudia hesabu za kidato cha pili: uwiano, asilimia, mlinganyo wa mstari. Kaa na mdogo wako anayejiandaa na mtihani wake, mfanye pamoja. Wiki sita zinatosha kuondoa hofu.

Nina diploma, au nilimaliza shule zamani na sasa nafanya kazi.

Diploma inakubalika. Kiwango cha jumla cha Tume ni GPA ya 3.0 pamoja na ufaulu wa kidato cha nne unaotakiwa, na chuo kinaweza kupandisha. Aliye kazini asidharau Chuo Kikuu Huria, chenye vituo Arusha na Kilimanjaro na programu ya msingi kwa wasiokuwa na sifa za moja kwa moja. Masomo huria yanataka nidhamu ya kujiamsha mwenyewe. Waliofanikiwa ninaowajua walikuwa na saa maalumu: mmoja, mama mwenye duka la vifaa vya shule, alisoma kati ya saa kumi na saa kumi na mbili alfajiri kwa miaka yote, kabla duka halijafunguliwa.

Ni lazima niende Dar?

Si lazima. Moshi kuna Chuo Kikuu cha Ushirika, kilichoanza kama Chuo cha Ushirika mwaka 1963 na kuwa chuo kikuu kamili mwaka 2014. Ukitaka kuelewa uchumi wa mkulima na chama chake, sijui mahali panapofaa zaidi. Moshi kuna pia Chuo Kikuu Katoliki cha Mwenge. Upande wa Arusha kuna Chuo cha Uhasibu pale Njiro na Chuo Kikuu cha Tumaini Makumira karibu na Usa River. Dar es Salaam ina maktaba kubwa na historia ndefu ya mijadala ya somo hili, na ukipata nafasi nenda. Ila usiende kwa sababu ya jina la jiji. Linganisha kozi kwa kozi.

Mkopo je?

Unaombwa Bodi ya Mikopo kila mwaka dirisha linapofunguliwa, na hutolewa kwa kuangalia uhitaji. Kosa ninaloliona kila mwaka ni vyeti kutohakikiwa mapema: cha kuzaliwa, na cha kifo kwa aliyefiwa na mzazi. Shughulikia hivyo kabla matokeo hayajatoka. Na kumbuka bumu, yaani hiyo pesa ya mkopo, ni deni: ukiajiriwa, makato ni asilimia 15 ya mshahara mpaka liishe.

## Ukiwa chuoni

Miaka mitatu nasoma nini?

Mwaka wa kwanza ni misingi: uchumi wa mtu na kampuni, uchumi wa taifa, utangulizi wa siasa, historia, na stadi za mawasiliano. Wa pili unaingia nadharia yenyewe, takwimu na mbinu za utafiti. Wa tatu ni biashara ya kimataifa, sera za umma, uchumi wa Afrika, na tasnifu. Kati yake kuna mafunzo kwa vitendo, ile fildi, kwa vyuo vinavyoitaka.

Mwaka wa pili ndio unaodisko watu, yaani wanaofeli na kuondolewa chuoni. Jipange.

Kiingereza changu ni cha kuungaunga. Nitaweza?

Karibu wote mnaanza hapo, na msiione aibu. Njia niliyoitumia mwenyewe: nasoma kurasa mbili za Kiingereza, nafunga kitabu, naandika kwa Kiswahili aya moja ya nilichoelewa. Nikishindwa kuandika, sijaelewa, narudi. Nilihangaika wiki nzima na Ricardo na nguo zake za Uingereza na mvinyo wa Ureno. Siku moja nilikaa nikaandika mfano wake upya kwa ndizi za Marangu na vitunguu vya Mang'ola, na ukanifungukia palepale. Mtihani utaujibu kwa Kiingereza, lakini kuelewa kwako kunaweza kupita kwenye lugha ya mama yako bila dhambi yoyote.

Kuna faida gani kusoma somo hili nikiwa Arusha au Moshi?

Swali hili nalipenda kuliko yote. Unaishi ndani ya mifano ambayo wengine wanaisoma vitabuni.

Anza na Azimio. Halmashauri Kuu ya TANU ilikutana Arusha mwishoni mwa Januari 1967, na tarehe 5 Februari Azimio la Arusha likatangazwa. Siku iliyofuata benki zikataifishwa. Jumba la Makumbusho la Azimio lipo mjini, karibu na Mnara wa Mwenge. Nenda na daftari. Tazama miiko ya uongozi: kiongozi asiwe na mishahara miwili, asipangishe nyumba, asiwe na hisa kwenye kampuni yoyote. Kisha soma jinsi miiko hiyo ilivyolegezwa na kikao cha CCM kilichokaa Zanzibar mwaka 1991, na ujiulize ni nani alihitaji ilegezwe wakati ule, miaka mitano baada ya nchi kukubali masharti ya Shirika la Fedha la Kimataifa mwaka 1986. Hapo umeshaanza kazi ya mwaka wa tatu.

Panda mlimani. Wakulima wa kahawa wa Kilimanjaro waliunda chama chao mwaka 1925, na mwaka 1933 ikazaliwa KNCU, chama kikuu cha ushirika cha wakulima hao. Serikali ya mkoloni ilikiona kile cha kwanza kina kichwa kigumu, na ushirika wa kisheria ulikuwa pia njia ya kukiweka chini ya macho yake. Mwaka 1976, nchi ikiwa huru, vyama vikuu vya ushirika vilivunjwa na mamlaka za mazao zikachukua kazi yao, halafu sheria ya 1982 ikafungua njia ya kuvirudisha. Julai 1989 mgawo wa mauzo chini ya mkataba wa kimataifa wa kahawa ulisitishwa na bei ikaporomoka. Miaka ya 1990 wanunuzi binafsi wakaruhusiwa. Mzee mwenye kihamba, yaani shamba la ukoo la migomba na kahawa, anayeweza kukusimulia kila hatua, na mwaka aliong'oa mibuni akapanda nyanya, anakaa kilomita chache kutoka bwenini kwako. Mnada wa kahawa na ofisi ya Bodi ya Kahawa ni hapahapa Moshi.

Halafu kuna mifongo. Ile mifereji iliyochimbwa na mababu kuteremsha maji kutoka msituni hadi vihambani inaendeshwa kwa zamu, kwa siku za kazi ya pamoja, na kwa adhabu kwa anayekwepa. Fuata mfongo mmoja alfajiri ya zamu ya mtu. Utamwona anafungua maji kwa kuondoa udongo na majani ya mgomba yaliyoziba, na jirani anayefuata ameshasimama pembeni na jembe anamsubiri amalize. Ostrom niliyemtaja kwenye swali la Umarksi angekaa pale siku nzima.

Upande wa Meru kuna kesi ya ardhi: wananchi waliondolewa kwa nguvu Engare Nanyuki mwaka 1951 kupisha walowezi, na Kirilo Japhet akaenda New York mwaka 1952 kuyapeleka malalamiko yao Umoja wa Mataifa. Mirerani kuna tanzanaiti, ambayo duniani inachimbwa pale tu, na ukuta uliozinduliwa mwaka 2018 kuzunguka machimbo. Juni 2020 mchimbaji mdogo Saniniu Laizer aliuza serikalini mawe mawili kwa Sh bilioni 7.8. Picha yake na ile hundi kubwa ilienea. Mwanafunzi wetu anatazama picha hiyo na kuuliza kuhusu wale waliochimba miaka ishirini bila kupata jiwe, na nani aliwalisha muda wote huo.

Arusha pia ni makao makuu ya Jumuiya ya Afrika Mashariki. Ile ya kwanza ilianza 1967 na kuvunjika 1977; mkataba wa sasa ulisainiwa hapo hapo Arusha Novemba 1999. Kwa nini ya kwanza ilikufa ni swali la mtihani lisilozeeka.

## Tasnifu na utafiti

Naweza kuandika kuhusu kijiji chetu?

Unaweza, na ningekushauri hivyo, ukiwa na swali dogo. "Ushirika na maendeleo Kilimanjaro" si mada, ni bahari. "Kwa nini wanachama wa chama cha msingi cha kata fulani huuza sehemu ya kahawa yao nje ya chama" ni mada. Angalizo ni kwamba watu wanaokujua hawakwambii yote. Baba mdogo hatakueleza deni lake mbele yako kama atakavyomweleza mgeni. Mtafute mwenzako wa Arumeru akusaidie mahojiano ya ukoo wako, nawe umsaidie kwake.

Takwimu nazipata wapi?

Ofisi ya Taifa ya Takwimu, taarifa za Benki Kuu, hotuba za bajeti za kila Juni, na ripoti za Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali. Hizi za mwisho wanafunzi wanazisahau, wakati zina habari tele kuhusu halmashauri na mashirika ya umma. Kwa bei za sokoni, usidharau daftari lako: kwenda soko la Kilombero, Arusha, kila Jumamosi kwa miezi minne ukiandika bei ya debe la mahindi ni takwimu halali, ukieleza ulivyopima.

Ofisini wamenikatalia nyaraka.

Rudi na barua ya chuo, pitia halmashauri, kisha kwa mtendaji. Ukifika, salimia vizuri, kaa, eleza unachotafuta kwa sentensi mbili. Kama bado ni hapana, badili chanzo: wanachama wenyewe wana stakabadhi zao nyumbani, zimefungwa kwenye mfuko wa nailoni juu ya kabati. Stakabadhi thelathini za miaka kumi zinaweza kukupa picha ambayo faili la ofisi lisingekupa. Usichukue nakala bila ruhusa ya mwenyewe.

## Baada ya digrii na maswali magumu

Mwanangu atapata kazi gani na somo hili? (wazazi)

Mama, baba, nawaelewa. Hakuna mlango wenye kibao cha "mchumi wa kisiasa". Waliomaliza wanafanya kazi halmashauri kwenye mipango, benki kwenye mikopo ya kilimo, vyama vya ushirika, asasi za kiraia, magazeti na redio, ofisi za utafiti, na wengine wanafundisha. Ajira za serikali ni chache kuliko waombaji, na hilo haliko kwa somo hili pekee.

Kinachomtofautisha mwombaji ni vitu viwili: anaweza kuchambua jedwali kwa kompyuta, na anaweza kuandika kurasa tatu zinazoeleweka. Mwambieni ajifunze vyote tangu mwaka wa kwanza. Fildi nayo aichague kwa makini, maana wengi hupata kazi ya kwanza kwa watu waliowaona wakifanya kazi.

Ninatofautiana na mwalimu wangu kabisa. Nitafelishwa?

Eleza kwanza hoja yake kwa usahihi kiasi kwamba yeye mwenyewe angeikubali, halafu leta ushahidi wako. Nimewapa alama za juu wanafunzi waliobomoa nilichofundisha. Ukiamini umeonewa, kuna utaratibu wa kuomba usahihishaji upya. Utumie kwa maandishi na kwa adabu.

Utafiti wangu umekuta fedha za chama cha msingi cha kijijini kwetu hazieleweki, na katibu ni ndugu yetu. Niandike?

Hili limenifikia zaidi ya mara moja, na sina jibu jepesi. Kwanza hakikisha. Hesabu isiyoeleweka kwako inaweza kuwa na maelezo: mkopo wa pembejeo, malipo yaliyochelewa, kosa la karani. Mwulize katibu kwanza, uso kwa uso, na andika jibu lake.

Pili, tasnifu si mashtaka. Ficha jina la kijiji, la chama na la watu, na ondoa alama zitakazowatambulisha, kama vile "chama pekee chenye mashine mbili za kumenya". Mweleze msimamizi wako hali nzima kabla hujaandika neno, maana yeye ndiye atakayesimama nawe.

Tatu, wanachama waliokupa stakabadhi zao wana haki ya kujua ulichokuta. Mwanafunzi mmoja wangu aliomba dakika ishirini kwenye mkutano mkuu wa wanachama. Hakumtaja mtu. Alichora ubaoni kilo moja ya kahawa na kuigawa vipande, kimoja kimoja, kwa kila kato, akaacha kipande kimoja bila jina. Bibi mmoja mstari wa mbele ndiye aliyenyoosha mkono na kuuliza, "Na hicho, mjukuu wangu, ni cha nani?"